Televisheni Janja na Chumba Kidogo: Vipimo Visivyoandikwa Kwenye Boksi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka ya vyombo vya umeme ya siku hizi, hata hivyo, kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa maneno yale yale. Boksi la televisheni janja ya bei ya kati, yaani ile isiyo ya bei ya chini kabisa wala ya kitajiri, hujaa herufi na tarakimu: 4K, HDR, QLED, inchi 43, inchi 50, inchi 55. Mnunuzi husimama mbele ya ukuta wenye vioo vingi vinavyong'aa kwa pamoja, hulinganisha tarakimu na bei, kisha huchagua tarakimu kubwa kuliko zote anayoweza kuilipia. Akifika nyumbani huiweka televisheni yake katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho sebule, ndicho mahali pa kulala, na pengine ndicho mahali pa watoto kufanyia kazi za shule. Hapo ndipo mtihani wa kweli wa chombo hicho unapoanza, na mtihani huo haufanani na ule wa dukani.

Suala hili si la anasa. Kwa familia ya kipato cha kawaida, televisheni ni miongoni mwa vyombo vya bei kubwa vinavyonunuliwa baada ya kudunduliza kwa miezi mingi. Fedha iliyolipiwa sifa ambayo jicho haliwezi kuiona ni fedha iliyopunguzwa katika ada ya shule, katika dawa au katika akiba. Kwa hiyo yafaa isemwe wazi: vipimo vinavyotangazwa kwa sauti kubwa aghalabu havina uzito mkubwa katika chumba kidogo, ilhali kipimo chenye uzito kuliko vyote, yaani miaka ambayo chombo kitaendelea kuhudumiwa na aliyekiunda, ni nadra sana kuandikwa kwenye boksi.

Vyombo viwili katika mwili mmoja

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni katika miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Televisheni za enzi hizo zilikuwa chombo kimoja: tyubu nzito ya kioo, kipokezi cha mawimbi na spika. Picha ikiwa safi siku ya kununua, ilitarajiwa kuwa safi kwa miaka mingi. Chombo kikiharibika, fundi wa mtaani alikifungua, akabadilisha kipande kilichoungua, akamrudishia mwenyewe.

Televisheni janja, kwa upande wake, ni vyombo viwili vilivyofungwa katika mwili mmoja. Cha kwanza ni kioo cha kuonyeshea picha pamoja na taa zake. Cha pili ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu, programu na njia ya kuunganishwa na intaneti. Vyombo hivi viwili havizeeki kwa kasi moja. Kioo huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kompyuta iliyo nyuma yake huweza kupitwa na wakati katika nusu ya muda huo. Mnunuzi anayevipima kama kitu kimoja hukosea tangu mwanzo. Hapana budi kila kimoja kipimwe kwa kipimo chake.

Jicho, umbali na tarakimu

Jicho la binadamu lenye afya hutenganisha nukta mbili iwapo pembe iliyo kati yake haipungui takriban sehemu moja ya sitini ya digrii moja. Kanuni hii, ambayo ndiyo msingi wa herufi zinazosomwa katika chumba cha daktari wa macho, yatosha kumwongoza mnunuzi kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Tuseme kioo kina inchi 43, zinazopimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Upana wake ni takriban sentimita 95 na kimo chake sentimita 54. Picha ya aina ya Full HD ina nukta 1,920 kwa upana, kwa hiyo kila nukta ina nusu milimita. Hesabu ya pembe huonyesha kwamba mtazamaji akiwa umbali wa mita 1.7 au zaidi, jicho lake halitenganishi tena nukta hizo. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana, mara mbili ya zile za kwanza. Ili kuzifaidi zote katika kioo hicho hicho, mtazamaji hana budi kusogea hadi sentimita 85, yaani karibu kukigusa kioo kwa mkono.

Sasa na uangaliwe upande wa chumba. Futi kumi ni mita 3.05. Ukiondoa nafasi ya meza ya televisheni na nafasi ya kiti kilichoegemea ukuta wa pili, macho ya aliyeketi huwa kama mita 2.3 kutoka kwenye kioo. Katika umbali huo, nukta za Full HD hazionekani hata katika kioo cha inchi 55, ambacho mpaka wake ni mita 2.2. Ni kweli kwamba vijana wenye macho makali huona zaidi kidogo ya kipimo hiki, na ni kweli pia kwamba anayetazama akiwa kitandani, mita moja na robo kutoka kwenye kioo, atapata manufaa fulani ya 4K. Lakini kwa familia iliyoketi kwenye viti vyake, tarakimu hiyo si sababu ya kuongeza fedha. Mnunuzi akiikuta 4K bila nyongeza ya bei, na aichukue. Akiambiwa ailipie, na akumbuke hesabu ya jicho.

Aidha, picha haiwezi kuwa bora kuliko chanzo chake. Filamu ya 4K kupitia intaneti huhitaji mkondo wa takriban megabiti 15 kwa sekunde, ambao kwa saa moja humeza gigabaiti 6.75. Mkondo wa megabiti 5, ambao hutosha kwa Full HD, humeza gigabaiti 2.25. Kwa anayenunua intaneti kwa kifurushi, tofauti hiyo ni kubwa, ilhali kwa jicho lililo mita 2.3 ni ndogo mno.

Kuhusu ukubwa wa kioo, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Mnunuzi akate kadibodi yenye upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 54 kwa inchi 43, au sentimita 111 kwa 62 kwa inchi 50, aibandike ukutani na kuishi nayo siku mbili. Ataona kama mlango wa kabati bado unafunguka, kama dirisha limezibwa, na kama shingo ya aliyeketi chini inalazimika kuinuka. Mpenzi wa filamu ataridhika zaidi na kioo kikubwa. Lakini kwa taarifa ya habari, mpira na vipindi vya watoto, inchi 43 katika chumba cha futi kumi si unyonge. Fauka ya hayo, matangazo yenye picha hafifu huonyesha kasoro zake zaidi kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa.

Nuru, weusi na anayeketi pembeni

Karibu televisheni zote za bei ya kati, hata zinapoitwa LED au QLED, ni za kioo cha kristali-kioevu kinachomulikwa kwa taa ndogo kutoka nyuma. Herufi Q huashiria chembe ndogo mno zinazogeuza sehemu ya nuru ya buluu kuwa nyekundu na kijani safi. Elimu ya chembe hizo ni ya heshima kubwa, nayo iliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023. Hata hivyo, chembe hizo hunufaisha rangi tu. Hazikifanyi kioo kiweze kuzima nuru yake nukta kwa nukta, kama zifanyavyo televisheni za OLED ambazo kila nukta yake hutoa nuru yenyewe.

Vioo vya kristali-kioevu vina aina kuu mbili, na tofauti yake ina maana kubwa chumbani. Aina iitwayo VA huonyesha weusi mzito. Sehemu yake nyeupe huweza kuwa na nuru mara 3,000 au zaidi ya sehemu nyeusi. Aina iitwayo IPS hufikia takriban mara 1,000, hivyo usiku weusi wake huelekea rangi ya kijivu. Lakini rangi zake hazipauki haraka kwa anayetazama kutoka pembeni. Katika sebule kubwa watazamaji wote huketi karibu mbele ya kioo. Katika chumba kidogo mmoja huwa kitandani, mwingine kwenye kigoda karibu na mlango. Aliyeketi mita 1.5 mbele ya kioo na mita moja pembeni hukitazama kwa pembe ya digrii 34. Kwa mtu anayetazama peke yake usiku, VA ni bora. Kwa familia iliyotawanyika chumbani, IPS yaweza kuwa ya haki zaidi. Dukani jaribio ni rahisi: iombwe picha ya uso wa mtu, kisha mnunuzi apige hatua mbili upande na kuangalia kama uso umepauka.

Neno HDR nalo lahitaji tahadhari. Maana yake ni picha yenye tofauti kubwa kati ya nuru kali na giza, na filamu nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa kukusudia vilele vya kandela 1,000 kwa mita ya mraba. Televisheni nyingi za bei ya kati hazizidi kandela 300 au 400. Zinaweza kuisoma HDR, lakini haziwezi kuionyesha ilivyokusudiwa. Kandela 300 zatosha chumbani, mradi kioo kisielekezwe dirishani. Hazitoshi kulihalalisha jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Sauti na umeme

Jambo ambalo duka lenye kelele haliwezi kulifichua ni sauti. Kioo kilichokondeana hakina nafasi ya spika ya maana, na mara nyingi spika zake huelekezwa chini au nyuma. Katika chumba chenye kuta za saruji, sauti hurudi kutoka kila upande na maneno huchanganyika. Mtazamaji hudhani dawa ni kuongeza sauti. Kumbe huongeza mwangwi, na jirani naye husikilizishwa taarifa ya habari asiyoiomba. Pazia zito, zulia na godoro hunyonya mwangwi. Kipimo bora ni kusikiliza msomaji wa habari kwa sauti ya chini: maneno yakieleweka, spika zinafaa.

Umeme huhesabika. Televisheni ya wati 80 ikiwashwa saa 5 kwa siku hutumia uniti 12 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya umeme huo ni ya taa za nyuma. Televisheni nyingi huonyeshwa dukani zikiwa katika mwangaza wa kupita kiasi ili zishinde za jirani. Mwenye nyumba akiupunguza kwa chumba chake, hupunguza gharama, hupumzisha macho ya usiku, na huzipa taa hizo umri mrefu zaidi, kwa kuwa adui wao mkuu ni joto.

Kifo cha kompyuta ndani ya kioo kizima

Yote yaliyotajwa hadi hapa mnunuzi aweza kuyapima mwenyewe kwa macho, masikio na futi ya fundi. La mwisho hawezi kulipima, nalo ndilo linaloamua iwapo fedha yake ilitumika vyema.

Mwezi Aprili 2015, YouTube ilizima njia ya zamani ya mawasiliano ya programu zake. Televisheni nyingi janja zilizotengenezwa mwaka 2012 na kabla ya hapo zikaipoteza huduma hiyo. Tarehe 1 Desemba 2019, baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011 ziliipoteza Netflix. Vioo vilikuwa vizima, taa zilikuwa nzima, spika zilikuwa nzima. Kilichokufa ni uwezo wa kompyuta ya ndani kuzungumza lugha mpya ya huduma. Taa zenye umri wa saa 30,000, kwa matumizi ya saa 5 kila siku, zingeweza kuwaka kwa zaidi ya miaka 16. Mnunuzi aliyelipia ujanja wa televisheni aliupata kwa takriban nusu ya muda huo au chini yake.

Kompyuta hiyo, tena, si mtumishi mnyamavu. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho na ya jimbo la New Jersey, kwamba televisheni zake zipatazo milioni 11 zilikusanya habari za kile kilichotazamwa na wenye nyumba bila ridhaa yao. Katika nyumba ya vyumba vingi jambo hilo ni baya. Katika chumba kimoja ambamo familia inaishi maisha yake yote, ni baya zaidi. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo zitapata nguvu nyumbani ikiwa mnunuzi ataambiwa wazi, kabla ya kulipa, kile ambacho televisheni yake hukusanya na jinsi ya kukizuia.

Kinachopaswa kudaiwa

Wapo watakaosema kwamba soko lenyewe litarekebisha kasoro hizi, na kwamba mnunuzi mwerevu hujitafutia habari. Hoja hii husahau kwamba soko haliwezi kutuza sifa isiyoonekana. Muundaji anayehudumia programu zake kwa miaka minane na yule anayeziacha baada ya miwili husimama kwenye rafu moja, wakiwa na herufi zile zile na bei zinazokaribiana. Aliye mwaminifu hapati faida ya uaminifu wake.

Wengine watasema kwamba masharti mapya yatapandisha bei. Lakini masharti ya namna hii yapo tayari kwingineko, na waundaji wakubwa wanayatekeleza. Tangu mwaka 2011, Umoja wa Ulaya umetaka kila televisheni iwe na lebo inayoonyesha umeme inaotumia. Kanuni zake huagiza pia kwamba masahihisho ya usalama ya programu yaendelee kupatikana bila malipo kwa miaka isiyopungua minane baada ya televisheni ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni, na vipuri fulani kwa miaka isiyopungua saba. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria humtaka muundaji wa vyombo vinavyounganishwa na intaneti kutangaza muda wa chini atakaotoa masahihisho hayo. Kuandika mwaka mmoja wa tarakimu nne kwenye boksi si gharama ya kumfilisi mtu.

Kwa hiyo mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yangetenda jema kudai mambo matatu yaandikwe kwa Kiswahili juu ya kila boksi: mwangaza halisi wa kioo kwa kandela, umeme unaotumika kwa saa elfu moja, na mwaka ambao huduma ya programu itakoma. Mambo haya matatu yangemsaidia mwananchi kuliko herufi zote zilizopo sasa. Mwenye chumba kidogo angejua kama anunue televisheni ya miaka mitatu au ya miaka minane, na angepima bei kwa mwaka badala ya kuipima kwa inchi.

Hadi siku hiyo itakapofika, busara ni kukinunua kioo na kuihesabu kompyuta yake kuwa kitu cha kubadilishwa. Mnunuzi achague kioo kinacholingana na umbali wa kiti chake na mahali wanapoketi wenzake. Ahakikishe kina matundu ya HDMI yasiyopungua mawili au matatu, ili siku ambayo kompyuta ya ndani itazeeka, kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma kichukue kazi yake kwa sehemu ndogo ya bei ya televisheni mpya. Athibitishe kwamba kuna kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, ili antena iweze kupokea stesheni zisizolipiwa, pale zinapopatikana, hata siku ambayo kifurushi cha intaneti kimekwisha. Akiiwasha kwa mara ya kwanza, asikubali masharti yote kwa kubonyeza tu, bali azime kipengele cha kufuatilia vipindi vinavyotazamwa.

Kisha, kabla ya kutoa fedha, amuulize muuzaji swali moja kwa heshima: programu za televisheni hii zitahudumiwa hadi mwaka gani? Mara nyingi muuzaji hatakuwa na jibu. Likiulizwa na wanunuzi wengi, katika maduka mengi, swali hilo litamlazimu yeye naye kumuuliza anayemletea bidhaa.